Mafuta ya Shokapu za Mbele: Mnato, Mzigo na Barabara za Kalemie

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria katika mji wa Kalemie, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, ni zile za injini ndogo ya sentimita za ujazo 100 hadi 150 zilizoundwa India au China, na karibu zote zina shokapu za mbele za muundo mmoja, yaani miguu miwili ya mabomba yanayoingiana, ambayo ndani yake mna springi na mafuta. Mafuta hayo ni machache, mara nyingi chini ya robo lita kwa kila mguu, hayaungui kama yale ya injini wala hayana kijiti cha kupimia, na kwa sababu hiyo husahaulika mpaka siku yanapoanza kuvuja na kulowesha bomba. Yanapobadilishwa, aghalabu hutiwa yoyote yaliyo karibu, na yakichaguliwa huchaguliwa kwa kanuni moja iliyoenea kutoka karakana hadi karakana, ndani ya Kongo na nje yake, kwamba mzigo mzito unataka mafuta mazito. Kanuni hiyo imekosea tangu kwenye msingi wake, kwa kuwa mafuta hayabebi mzigo. Kinachobeba ni springi, na kazi ya mafuta ni kutawala mwendo wa springi hiyo.

Ili jambo hili lieleweke, inafaa kwanza kuutazama mguu mmoja wa shokapu kwa ndani. Bomba la juu, lililopakwa kromu na kung'arishwa, limeshikwa kwenye usukani, na huteleza ndani ya bomba la chini, ambalo kwa kawaida ni la aluminiamu na ndilo linaloshika ekseli ya gurudumu. Kutoka sakafu ya bomba la chini husimama fimbo yenye uwazi katikati na matundu machache madogo ubavuni. Gurudumu linapopanda juu ya jiwe, mabomba huingiana na mafuta hulazimika kupita katika matundu hayo. Linaposhuka, mafuta hurudi kwa njia iliyo nyembamba zaidi, hivi kwamba kunyanyuka kwa shokapu huzuiwa kwa nguvu kuliko kubonyea kwake. Nguvu iliyokuwa imehifadhiwa na springi hugeuka kuwa joto ndani ya mafuta, na bila hatua hiyo springi ingerudisha yote iliyopokea na pikipiki ingeendelea kurukaruka baada ya kila shimo. Mpangilio huu wa shokapu ya mabomba yenye kizuizi cha mafuta uliingia katika pikipiki za kuuzwa kwa umma mwaka 1935, kampuni ya BMW ya Ujerumani ilipotoa R12 na R17, na pikipiki ndogo za leo bado zinaufuata kwa karibu sana. Hazina skrubu ya kurekebisha ugumu wa mwendo. Aina na kiasi cha mafuta ndiyo marekebisho pekee aliyoachiwa fundi, na ndiyo maana uchaguzi wake una uzito kuliko unavyodhaniwa.

Sifa inayotawala uchaguzi huo ni mnato, yaani kiwango ambacho kimiminika hupinga kutiririka. Mnato hubadilika kwa joto, jambo ambalo kila nyumba ya Kalemie inalijua kwa mawese, ambayo alfajiri ya mwezi wa saba huganda ndani ya chupa na saa sita mchana humiminika bila taabu. Mafuta ya mashine hayafiki kuganda hivyo, lakini hufuata mwelekeo uleule. Kwa hiyo kipimo cha mnato hakina maana kikitajwa bila joto lake. Kipimo kinachotumika viwandani ni sentistoki, na joto lililokubaliwa kwa mafuta ya namna hii ni nyuzi 40 za Selsiasi, ambalo kwa bahati nzuri liko karibu na hali halisi ya shokapu inayofanya kazi mchana katika mji ulio mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa yenyewe hukaribia nyuzi 30.

Hapa ndipo maandishi ya chupani yanapompotosha mnunuzi. Mafuta ya shokapu huuzwa kwa namba kama 5W, 10W, 15W au 20W, na namba hizo hufanana na zile za mafuta ya injini, ilhali hazitoki mahali pamoja. Kwa mafuta ya injini, namba inayofuatwa na W hueleza tabia ya mafuta katika baridi kali, na hutawaliwa na kanuni ya SAE J300, ambayo viwanda vyote huifuata. Kwa mafuta ya shokapu hakuna kanuni kama hiyo inayowafunga watengenezaji, hivyo kila kiwanda huweka namba kwa mizani yake, na 10W ya kiwanda kimoja inaweza kuwa nyepesi kuliko 5W ya kingine. Namba ya kuaminika ni ile ya sentistoki, ambayo huandikwa katika karatasi ya maelezo ya mtengenezaji na mara chache kwenye chupa yenyewe, au ile ya daraja la ISO VG, inayotumika kwa mafuta ya mitambo ya hidroliki na ambayo ni sentistoki zenyewe: VG 32 ni mafuta yenye sentistoki 32 kwenye nyuzi 40, ikiruhusiwa tofauti ya asilimia 10 juu au chini.

Mafuta yaliyotengenezwa mahsusi kwa shokapu si kitu cha kutegemewa katika maduka ya vipuri ya mji ambao bidhaa zake huvuka ziwa kutoka Kigoma, au huja kwa reli na barabara kutoka kusini. Jambo hilo si msiba. Mafuta ya gia otomatiki za magari, yale mekundu yanayoandikwa ATF, yana takriban sentistoki 34 kwenye nyuzi 40 yakiwa ya daraja la Dexron III, yana dawa ya kuzuia povu, na hayadhuru sili za mpira zinazotumika katika shokapu. Kampuni ya Honda iliyataja katika vitabu vya mafundi vya pikipiki zake nyingi za miaka ya 1970 na 1980 kuwa ndiyo mafuta ya shokapu za mbele. Katika matumizi, hukaa karibu na kile ambacho viwanda vingi hukiita 10W, na hiyo ndiyo namba inayotajwa mara nyingi kwa pikipiki ndogo. Inafaa kukumbuka kwamba General Motors ilikwisha kuacha kutoa leseni ya Dexron III, na hivyo jina hilo likiwa kwenye chupa ya leo ni dai la muuzaji, na kwamba Dexron VI iliyochukua nafasi yake ni nyepesi kidogo. Pale ambapo ATF haipatikani, mafuta ya hidroliki ya VG 32 au VG 46, yanayotumiwa na katapila na winchi, ni chaguo la heshima kabisa. Mnato wake huporomoka haraka kidogo joto linapopanda, lakini tofauti ya joto kati ya usiku na mchana wa Kalemie si kubwa kama ile kati ya majira ya baridi na ya joto ya Ulaya, na kwa hiyo hakuna sababu ya kulipia mafuta ya bei kubwa yanayosifiwa kwa kustahimili tofauti hiyo.

Mafuta ya injini ya 20W-50, ambayo huwa hayakosekani kwa sababu kila pikipiki huyahitaji, yana sentistoki zinazokaribia 160 kwenye nyuzi 40, yaani mara nne hadi tano ya ATF. Yale ya 15W-40 ya injini za dizeli hukaribia 110. Anayetia 20W-50 katika shokapu iliyopangiwa mafuta ya 34 hafanyi badiliko dogo la kuongeza ugumu. Anabadilisha chombo kizima, na barabara humjibu.

Barabara za udongo zinazotoka Kalemie, ile ya kaskazini inayopitia Bendera kuelekea Fizi na Uvira na ile ya magharibi kuelekea Nyunzu, huota wakati wa kiangazi matuta madogo yanayofuatana kwa nafasi zinazokaribia kulingana. Mwaka 2007 Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walionyesha kwa majaribio ya maabara kwamba matuta hayo huzuka yenyewe gurudumu linapopita juu ya mchanga mkavu kwa mwendo unaozidi kiwango fulani, hata kama gurudumu halina springi yoyote. Kwa hiyo dereva hana namna ya kuyakwepa, na shokapu haina budi kuyapokea. Tuseme nafasi kati ya tuta na tuta ni sentimita 70, na pikipiki inakwenda kilomita 30 kwa saa, yaani zaidi kidogo ya mita 8 kwa sekunde. Gurudumu hupigwa mara 12 katika kila sekunde moja. Kati ya pigo na pigo, nusu ya muda ikiwa ni ya kubonyea, shokapu ina takriban sehemu ya ishirini na nne ya sekunde ya kunyanyuka na kurudi mahali pake, kisha inapigwa tena.

Yakiwa mafuta ni mepesi ya kutosha, springi hulisukuma gurudumu chini kwa wakati na shokapu hupokea pigo linalofuata ikiwa na nafasi yake yote. Yakiwa mazito, shokapu hupigwa kabla haijamaliza kunyanyuka, na kila pigo huikuta chini kidogo kuliko lile lililotangulia, mpaka baada ya muda mfupi inakaa karibu na mwisho wa safari yake, springi ikiwa imebonyea na mafuta yakiizuia isirudi. Dereva huhisi mikono ikitetemeka, usukani ukiwa mgumu na pua ya pikipiki ikiwa imeinama, na kwa kuwa pua imeinama anaamini kwamba shokapu zimelegea. Anarudi karakana, na fundi anayefuata kanuni ile ya mzigo mzito anamwongezea mafuta mazito zaidi. Kosa hili ni la kusikitisha kwa sababu linajilisha lenyewe: kila dalili ya mafuta mazito kupita kiasi inafanana, kwa mtu aliye juu ya tandiko, na dalili ya mafuta mepesi. Kipimo rahisi cha kuzitenganisha ni kusimamisha pikipiki, kushika breki ya mbele, kuisukuma pua chini kwa nguvu na kuiachia. Ikirudi upesi, ikapita kidogo na kutulia, mnato unafaa. Ikirudi polepole, mafuta ni mazito. Ikipanda na kushuka tena mara mbili au tatu, au ikigonga inapofika juu, mafuta ni mepesi, yamechakaa au yamepungua.

Kuhusu mzigo wenyewe, hesabu inashangaza. Katika pikipiki ya mizigo, gunia hukaa juu ya keria, nyuma ya ekseli ya nyuma. Kama umbali kati ya magurudumu mawili ni sentimita 125 na uzito wa kilo 50 umekaa sentimita 20 nyuma ya ekseli hiyo, gurudumu la nyuma hubeba kilo 58 zaidi na lile la mbele hupunguziwa kilo 8. Mzigo unaotajwa kuwa sababu ya kutia mafuta mazito mbele kwa kweli umeifanya mbele kuwa nyepesi, na gurudumu jepesi linahitaji shokapu inayolifuata ardhi kwa wepesi, hasa kwenye kona yenye vumbi. Kinacholemea mbele ni breki, mteremko, na mtoto au mfuko unaowekwa kwenye tangi. Pua ikiinama pikipiki ikiwa imesimama tu, hakuna mafuta yatakayoinyanyua, kwa kuwa mafuta yaliyotulia hayana nguvu ya kusukuma. Dawa ni kupima urefu wa springi, kuulinganisha na kikomo kilichotajwa katika kitabu cha mtengenezaji, na kubadilisha springi iliyofupika, au kuweka juu yake kipande kifupi cha bomba ili ianze kazi ikiwa imebonyezwa kidogo zaidi.

Baada ya mnato huja kiasi, na hapa wengi hutia kwa kukisia. Juu ya mafuta ndani ya bomba kuna hewa iliyofungiwa, na hewa hiyo ni springi ya pili. Kwa sheria ya Boyle ya mwaka 1662, ujazo wa hewa ukipungua kwa nusu, shinikizo lake huwa maradufu. Chukua mguu ambao una sentimita za ujazo 150 za hewa ukiwa umenyooka, na ambao ukibonyea wote hubakiwa na 75: shinikizo limekuwa mara mbili. Ongeza mafuta sentimita za ujazo 25, kiasi kisichozidi vijiko viwili vya chakula, na hewa itakuwa 125 mwanzoni na 50 mwishoni, yaani shinikizo mara mbili na nusu. Ugumu wa mwanzo wa safari haukubadilika sana, ila ule wa mwisho umeongezeka waziwazi. Kwa dereva anayelalamika kwamba shokapu hugonga chini kwenye mashimo makubwa huku zikiwa nzuri mahali pengine, nyongeza ndogo kama hiyo ni bora kuliko kubadilisha mnato. Lakini ikizidi, shinikizo hutafuta njia ya kutoka, na njia iliyo dhaifu kuliko zote ni sili.

Kwa hiyo fundi makini hapimi kwa chupa peke yake. Springi ikiwa nje na shokapu ikiwa imeshushwa mpaka mwisho, hutia mafuta, hulipandisha na kulishusha bomba mara kadhaa mpaka mapovu yaishe, huacha mguu usimame wima dakika chache, kisha huingiza rula ya chuma kutoka mdomo wa bomba la juu na kusoma umbali hadi uso wa mafuta. Miguu yote miwili lazima isome sawa. Ni kazi ya subira, na huweza kufanywa chini ya mwembe bila kifaa cha gharama yoyote.

Tatizo lililo gumu zaidi mjini ni mafuta yanayouzwa kwa kupimwa kutoka kwenye pipa na kutiwa katika chupa ya maji, bila jina wala namba. Rangi haisemi kitu, kwa kuwa rangi nyekundu ya ATF ni ya kutiwa tu. Mnato, hata hivyo, unaweza kulinganishwa kwa sirinji ya plastiki ya mililita 20 inayouzwa katika duka lolote la dawa. Sindano na kisukumio huondolewa, ncha huzibwa kwa kidole, sirinji hujazwa ATF ya chupa iliyofungwa hadi alama ya 20, kidole huachiwa, na muda wa kushuka hadi alama ya 10 hupimwa kwa simu. Kisha sirinji hufutwa vizuri na jaribio hurudiwa kwa mafuta yasiyojulikana, yakiwa yamekaa kivuli kimoja na yale ya kwanza ili joto lao lilingane. Mafuta yanayochukua muda mara mbili yana mnato unaokaribia mara mbili. Ya 20W-50 yatachukua mara tano hivi. Kanuni iliyo nyuma ya jaribio hili ilitolewa mwaka 1840 na Jean Poiseuille, tabibu Mfaransa aliyekuwa akichunguza mwendo wa damu katika mishipa myembamba, na vipimo vya mafuta vya karne ya 19, kama kile cha Redwood huko Uingereza, vilihesabu sekunde kwa njia hiyohiyo.

Sirinji hiyohiyo hufaa pale fundi anapolazimika kuchanganya. Mafuta mawili ya madini yanaweza kuchanganywa, lakini matokeo hayapatikani kwa kugawa katikati: nusu ya sentistoki 34 na nusu ya 160 hukaribia 70, wala si 97, kwa sababu mafuta mepesi huvuta mchanganyiko upande wake kuliko yale mazito. Mchanganyiko wenye robo moja tu ya mafuta ya injini na robo tatu za ATF hukaa karibu na 50, na huo ni mnato unaoweza kumfaa dereva mzito anayekwenda safari ndefu. Zaidi ya hapo hakuna faida inayoonekana.

Yapo yasiyopaswa kuingia kabisa. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 si mafuta ya madini bali ni ya glaikoli, na huvimbisha na kulainisha sili za shokapu, ambazo kwa kawaida ni za mpira wa naitraili. Mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika hubeba chembe za chuma ambazo husaga kromu na bushi. Wala mafuta mazito si dawa ya sili inayovuja, kwa kuwa kisababishi huwa ni kromu iliyoumwa na kutu, vumbi lililonasa chini ya kifuniko cha mpira, au bushi iliyolegea.

Maji ni adui wa aina yake katika mji huu. Ziwa lilipopanda mwaka 2024 na kuingia katika mitaa ya chini, na kila mara mvua zinapofunika barabara, pikipiki huvushwa maji yakiwa yamefika juu ya ekseli, na shokapu inayobonyea na kunyanyuka ndani ya maji yale huyanyonya kupitia sili iliyochoka. Mafuta yaliyoingiwa na maji hutoka meupe au ya kijivu, hutoa povu, na mahali penye povu matundu ya fimbo hupitisha hewa badala ya mafuta, kwa hiyo kizuizi hupotea hata kama kiasi hakijapungua. Miguu hiyo humwagwa, husuuzwa kwa mafuta ya taa, huachwa kichwa chini mpaka ikauke, kwani mabaki ya mafuta ya taa hupunguza mnato wa mafuta mapya, kisha hujazwa. Baada ya siku chache za kazi mafuta hukaguliwa tena, kwa sababu tone la maji lililojificha kati ya mizunguko ya springi huchukua muda kutoka. Na yakionekana tena meupe, maji bado yanaingia, na kinachotafutwa sasa ni sili au washa ya skrubu ya chini, si chupa nyingine ya mafuta.